“Barua zako saba zimezuiwa”: soma hapa kabla hujabonyeza

Mzee wetu wa mahesabu aliniita mezani kwake asubuhi moja. “Mwanangu, hebu njoo uone. Wateja wanasema wamenijibu, mimi sioni kitu. Barua zangu zinazuiwa.” Mimi ndiye ninayeshughulikia barua pepe za ofisi yetu ndogo. Nikafungua kikasha chake, nikafungua sehemu ya taka. Hamna kitu.

“Zimeanza lini kupotea, mzee?”

Akafikiri. “Wiki mbili hivi. Tena nililetewa taarifa kabisa, kwamba barua zangu saba zimezuiwa, nibonyeze nizifungulie. Nikabonyeza, nikaweka nywila, wakaniambia tayari. Lakini ndiyo kwanza hali ikazidi.”

Nilichokikuta kwenye akaunti yake nitakieleza mwishoni, kwa sababu hakieleweki vizuri mpaka ujue kwanza barua huzuiwaje kwa njia halali. Mzee huyu si mzembe. Ni mtu anayehesabu mara tatu kabla ya kusaini. Alinaswa kwa kuwa taarifa ile ilifanana sana na taarifa za kweli, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamwonyesha tofauti. Nami ni miongoni mwa waliopaswa kumwonyesha. Ndiyo maana naandika haya.

Barua uliyotuma ikirudi

Barua ikikataliwa, kwa kawaida unaletewa jibu kutoka kwa mtumaji anayeitwa MAILER-DAEMON au postmaster. Watu wengi hulifuta bila kulisoma kwa kuwa limejaa maneno ya kiufundi. Usilifute. Tafuta ndani yake namba ya tarakimu tatu, ambayo mara nyingi hufuatwa na nyingine yenye nukta katikati, kwa mfano 550 5.1.1. Anza na tarakimu ya kwanza kabisa. Ikiwa ni 4, seva ya upande wa pili, yaani kompyuta inayopokea barua za mwenzio, imesema “si sasa hivi”. Huna la kufanya. Seva yako itaendelea kujaribu yenyewe, pengine kwa siku kadhaa, kabla ya kukata tamaa. Ukianza kutuma nakala kumi kwa pupa utaonekana kama mtuma taka. Ikiwa ni 5, umeambiwa hapana, na kuituma tena vilevile ilivyo ni kupoteza muda.

Zile tarakimu zenye nukta ndizo zinazotaja sababu. 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo: isome herufi kwa herufi, maana nukta moja iliyosahaulika inatosha. 5.2.2 ni kikasha cha mwenzio kimejaa, kwa hiyo mpigie simu umwambie. 5.3.4 ni barua kubwa mno, na hapa wengi hubishana na kompyuta: “Kikomo ni MB 25, faili langu ni MB 20, kosa liko wapi?” Kosa ni kwamba kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kusafiri, na kugeuzwa huko hukiongezea karibu theluthi ya ukubwa wake. Faili lako la MB 20 linafika mlangoni likiwa na karibu MB 27. Liweke kwenye hifadhi ya mtandaoni, utume linki. Angalia pia mkia wa faili. Gmail, kwa mfano, haipokei faili za .exe, .bat wala .js, hata ukizifungasha ndani ya zip, kwa sababu hizo ni programu zinazoweza kujiendesha zikifunguliwa.

Namba zinazoanza na 5.7 ni za usalama: seva haikuamini. Pengine anwani ya seva yako imeingizwa kwenye orodha ya watuma taka, kama zile za Spamhaus, shirika linalofanya kazi hiyo tangu 1998. Mara nyingi jibu lenyewe hutaja orodha hiyo kwa jina. Au barua yako haina vithibitisho. Viko vitatu, na ukivijua kwa majina utaweza kuzungumza na fundi wako bila kubabaishwa. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua. DMARC ni agizo kwa mpokeaji: barua ikishindwa mitihani hiyo, ifanywe nini. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanavidai vyote vitatu kwa wanaotuma barua kwa wingi. Kama unatumia akaunti ya kawaida ya bure, haya yote mwenye huduma ameshayafanya. Kama ofisi yenu ina anwani yenye jina lake, mtumie fundi lile jibu lote kama lilivyo. Ukimwambia tu “barua haziendi” hana pa kuanzia.

Kuna jambo moja hapa ambalo lisikupite. Siku ukiletewa majibu ya kurudishiwa barua ambazo hukuzituma kamwe, fungua sehemu ya barua zilizotumwa, kisha uangalie orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako. Ukiona barua au vifaa usivyovijua, kuna mtu ndani. Usipoona kitu, yawezekana mtu amechukua tu anwani yako akaiandika mahali pa mtumaji, bila kuingia kwako. Hilo linawezekana kwa sababu utaratibu unaosafirisha barua pepe, uliochapishwa mwaka 1982 kwa jina la SMTP, haukuweka njia ya kuhakiki kwamba mtumaji ni yule anayesema kuwa ni yeye. Ulikuwa ni mtandao wa watu wachache waliojuana. Vile vithibitisho vitatu vilikuja baadaye, kuziba pengo hilo.

Barua unayoingojea isipofika

Hapa ni haraka. Angalia taka kwanza, na usichelewe, maana Gmail huzifuta zilizomo humo baada ya siku 30. Ukiikuta na unamjua mtumaji, ibonyezee kwamba si taka, kisha umwongeze kwenye anwani zako. Angalia orodha ya watu uliowazuia; kidole huteleza kwenye simu na mtu akazuiwa bila wewe kujua. Angalia nafasi: akaunti ya bure ya Google ina GB 15 kwa barua, faili na picha kwa pamoja, na zikijaa, barua mpya hazipokelewi hata kama kinachokujazia ni video za simu. Halafu angalia kanuni, yaani yale maagizo ya “barua ya aina hii ikija, ipeleke kule”. Hapo watu wengi hawajawahi kufika. Tutaparudia.

Taarifa inayosema “zimezuiwa”

Baadaye mzee alinionyesha ile barua iliyomponza, na niliisoma mara mbili. Juu iliandikwa jina la mfumo wa barua wa ofisi. Chini yake kulikuwa na jedwali safi lenye mistari saba: tarehe, mtumaji, mada. Mada zilikuwa “Ankara iliyorekebishwa”, “Re: malipo”, “Hati ya kusaini”. Kila mstari na kitufe chake: fungulia, futa, ruhusu daima. Chini kabisa onyo kwamba zitafutwa baada ya saa 24.

Tatizo ni kwamba taarifa za namna hii za kweli zipo. Mifumo mingi ya ofisi huweka barua zenye shaka kizuizini, kisha humjulisha mwenye kikasha, na humpa jedwali kama lile lile. Kwa hiyo kumwambia mtu “taarifa hizi zote ni za uongo” ni kumdanganya, na siku akikutana na ya kweli atakuona hujui kitu. Ninachomwambia kila mtu ofisini ni hiki: taarifa ikuambie kuna nini, lakini isikuchagulie mlango wa kuingilia. Umeambiwa kuna barua zimezuiwa? Sawa. Iache hiyo barua. Fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya huduma yenu, au tumia ile uliyoihifadhi siku nyingi, ingia, nenda kwenye kizuizi, tazama. Kama kweli zipo, utazikuta zinakungoja. Kama hazipo, umejua ulichoandikiwa ni nini.

Naishikilia njia hii kuliko orodha ndefu za dalili, kwa sababu inakuokoa hata pale macho yanapodanganyika. Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton nchini Marekani, aliletewa barua iliyojifanya kutoka Google: mtu amejaribu kutumia nywila yako, ibadilishe sasa. Wasaidizi wake walifanya jambo la busara, wakamuuliza mtu wa kompyuta. Yeye akajibu kwamba barua ni halali; baadaye alieleza kwamba alikusudia kuandika kinyume chake. Lakini ndani ya jibu lile alikuwa ameweka anwani sahihi ya Google ya kubadilishia nywila. Kama wangepita hapo, neno lile lililokosewa lisingewadhuru. Kilichobonyezwa ni kitufe cha ndani ya barua, na mwezi Oktoba maelfu ya barua za Podesta zikaanza kuanikwa hadharani na WikiLeaks.

Bado ni vizuri kujua kusoma anwani. Kwenye simu, programu nyingi huonyesha jina la mtumaji tu, na jina kila mtu hujiandikia atakalo. Gusa jina hilo mpaka anwani yenyewe ijitokeze. Kwa linki, weka kidole juu yake bila kuachia, au kwenye kompyuta iweke mshale juu yake bila kubonyeza, usome inakoelekea. Kisha soma kuanzia kulia. Chukua mfano huu niliotunga: benkiyako.example.hakiki-akaunti.test/ingia. Jicho linaona “benkiyako” likatulia. Lakini tafuta mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https:// kama ipo mwanzoni, halafu rudi kushoto: mwenye nyumba ni hakiki-akaunti.test. Yote yaliyotangulia mbele yake ni vyumba vya ndani ambavyo yeye mwenyewe amevipa majina. Tazama pia herufi zinazofanana: r na n zikibanana zinaonekana m.

Ile kufuli inayoonekana kwenye kivinjari isikutulize. Inaeleza kwamba mazungumzo kati yako na tovuti ile yamefichwa kwa wapita njia. Haielezi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, na cheti chake hupatikana bure. Na kama unatumia programu ya kutunza nywila, iamini inapogoma. Yenyewe hulinganisha anwani herufi kwa herufi, haitazami nembo wala rangi. Ukifika kwenye ukurasa “wa benki” na programu haijazi nywila kama siku zote, simama hapo hapo. Usiinakili kwa mkono.

Anayekuomba taarifa zako

Ombi la taarifa nalipima kwa maswali matatu, na nayauliza kwa mpangilio huu. Nani aliyeanza mazungumzo? Anachokiomba, je, hapaswi kuwa nacho tayari? Na akikipata, anaweza kufanya nini bila mimi?

Swali la kwanza linachuja mengi. Mimi nikiipigia benki simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi yangu, wao wana haki ya kuniuliza maswali ili wanitambue. Wao wakinipigia, ni mimi ninayepaswa kuwatambua. Nasema, “Asante, nitapiga mwenyewe,” nakata, napiga. Mfanyakazi wa kweli hakasiriki. Mwizi ndiye anayeanza kukuambia hakuna muda.

Swali la pili: benki yako inajua namba ya akaunti yako. Mwajiri wako anajua tarehe yako ya kuzaliwa. Anayekuandikia “thibitisha taarifa zako” huku akikuachia nafasi tupu za kujaza hathibitishi kitu, anakusanya.

La tatu ndilo zito, na msimbo wa mara moja unalionyesha vizuri kuliko kitu kingine. Simu inalia, mtu mpole anasema kuna jaribio la wizi kwenye akaunti yako, anataka kulizuia. Wakati huohuo unaingia ujumbe wenye tarakimu sita. “Nisomee hizo namba tulizokutumia.” Ujumbe ni wa kweli kabisa, umetoka kwenye huduma yenyewe, na hicho ndicho kinachowaponza watu. Lakini umetumwa kwa sababu huyo aliye kwenye simu ameshaipata nywila yako mahali fulani, ameiingiza sasa hivi, na mfumo unamdai msimbo. Mlango wa pili ni wewe. Msimbo ule kazi yake ni kuandikwa na wewe, kwenye ukurasa uliouendea mwenyewe. Hakuna mfanyakazi wa mahali popote anayeuhitaji ili kukusaidia. Vivyo hivyo nywila, PIN, na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi.

Kurasa bandia siku hizi nazo huupokea msimbo na kuutumia papo hapo kwenye tovuti ya kweli kabla haujaisha muda. Kwa hiyo kama huduma yako inakubali ufunguo wa kidijitali unaokaa kwenye simu, au kile kifaa kidogo cha usalama kinachochomekwa, hamia huko. Ufunguo wa aina hiyo hufungamana na anwani ya tovuti halisi. Kwenye tovuti bandia haufanyi kazi hata wewe mwenyewe ukitaka.

Picha ya kitambulisho ni suala jingine, kwa sababu wakati mwingine inaombwa kihalali. Uliza kwanza ni kwa ajili gani na kama wana njia nyingine ya kuipokea kuliko barua pepe, maana picha iliyotumwa kwa barua hubaki kwenye vikasha viwili kwa miaka. Ukilazimika kuituma, funika namba wasizozihitaji, kisha andika juu ya nakala, ikipita katikati ya picha: imetolewa kwa nani, kwa kazi gani, tarehe gani. Haizuii kila ubaya, lakini nakala hiyo haitamfaa sana mtu anayetaka kuitumia kwingine.

Na kwa wanaoshika malipo ya ofisi: barua inayosema “tumebadilisha akaunti ya benki” haitoshi kukufanya ubadilishe kitu, hata ikitoka kwenye anwani ya siku zote, hata ikiwa inaendeleza mazungumzo yenu ya jana. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya barua hiyo kufika. Usitumie namba iliyo ndani ya barua yenyewe. Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alijifanya kampuni iliyokuwa ikiziuzia Google na Facebook vifaa, akapeleka ankara za uongo, na kampuni hizo mbili zikamlipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa Marekani miaka mitano jela, Desemba 2019. Google na Facebook wana watu wengi wanaojua kompyuta. Waliohitajika pale ni watu wa kunyanyua simu.

Kama umeshatoa

Usijifiche. Kila saa unayokaa kimya kwa aibu, mwenzako yuko ndani anafanya kazi. Mzee wangu alikaa wiki mbili kwa kutojua. Wapo wanaokaa wiki mbili wakijua, na hao ndio wanaonisikitisha zaidi.

Kama ni kadi au PIN, piga benki kwanza, kabla ya jambo lolote. Kama ni nywila, tumia kifaa unachokiamini, ingia kwa kuandika anwani mwenyewe, ubadilishe. Kisha amuru vifaa vyote vitolewe kwenye akaunti. Angalia namba ya simu na anwani ya pili ya kurejeshea akaunti, uhakikishe ni zako. Wezi huongeza za kwao ili warudi kesho. Angalia programu zilizopewa ruhusa ya kusoma barua zako, uziondoe usizozijua. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani ule unaodai msimbo au ufunguo juu ya nywila. Popote pengine ulipotumia nywila ileile, ibadilishe pia. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, inakuruhusu kuandika anwani yako ya barua pepe na kuona imetokea kwenye uvujaji gani wa data unaojulikana. Haikuombi nywila kwa ajili hiyo.

Halafu nenda kwenye mipangilio, ufungue kanuni, vichujio na sehemu ya kuelekeza barua kwingine. Usiiruke hatua hii. Kubadilisha nywila hakufuti kanuni aliyoiacha mwizi. Itaendelea kumfanyia kazi akiwa ameshafungiwa nje.

Hapo ndipo nilipofika na mzee asubuhi ile, yeye ameketi, mimi nimeinama begani kwake. Kulikuwa na kanuni moja ambayo hakuiweka yeye. Haikuwa hata na jina, ni nukta moja tu. Ilisema: barua yoyote yenye neno “malipo”, “ankara” au “benki”, iweke alama kwamba imeshasomwa, ihamishie kwenye folda ya RSS, ile folda iliyo chini kabisa ambayo ofisini kwetu hakuna aliyewahi kuifungua.

Nikaifungua. Barua zilikuwemo, ishirini na tatu. Hakuna hata moja iliyokuwa imezuiwa. Zote zilikuwa zimefika, siku ileile zilipotumwa. Ya juu kabisa ilikuwa ya mteja wetu wa siku nyingi, imekaa siku nne: “Mzee, naona jana umenitumia akaunti mpya ya benki. Ni wewe kweli? Nijibu kabla sijalipa.”

Mzee hakusema kitu. Alifungua daftari lake la zamani la namba za simu, lile la karatasi, akapiga. Mteja alikuwa bado hajalipa. Alikuwa anangoja jibu.